Mtumbwi Nao Una Msimu Wake

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Methali hii nimeitumia mara nyingi katika kipindi hiki, hasa ninapowasema wale wanaoanza jambo na kuliacha njiani. Juma hili nataka kukusimulia siku ambayo methali hiyo nusura ituponze, mimi na rafiki zangu, katika Ziwa Ontario nchini Kanada.

Ilikuwa mwezi Desemba, miaka kadhaa iliyopita. Nilikwenda kumtembelea rafiki yangu wa utotoni, mzaliwa wa Ukerewe, anayefanya kazi katika mji wa Kingston. Baba yake alikuwa mvuvi, na yeye mwenyewe alishika kafi kabla hajashika kalamu. Jumamosi moja akaniambia, "Bwana, leo tunapiga kafi kwenye theluji." Tulikuwa watu wanne katika mitumbwi miwili: yeye na mimi, mfanyakazi mwenzake, na mzee mmoja wa huko ambaye mitumbwi ilikuwa yake. Ufuko ulikuwa mweupe na miti imeinama kwa uzito wa theluji, lakini maji yalikuwa wazi na shwari. Tulikusudia kufika kisiwa kimoja tulichokiona mbele yetu, tunywe chai, kisha turudi.

Hapana shaka mahali pale ni pa mitumbwi tangu zamani. Mwezi Julai 1673 Gavana Frontenac, aliyetawala koloni la Wafaransa, alifika hapo na mitumbwi ipatayo 120 na watu kama 400, akajenga ngome. Lakini ujuzi wa chombo kile haukuwa wa Wafaransa. Walijifunza kwa wenyeji wa nchi. Sisi mtumbwi tunauchonga katika gogo. Wenyeji wale walichukua gome la mti wa betula, wakalishona kwa mizizi, wakalitia mbavu za mwerezi, na kuziba mishono kwa utomvu uliochanganywa na mafuta. Chombo kilikuwa chepesi, hata penye maporomoko watu walikipandisha mabegani na kutembea nacho nchi kavu.

Biashara ya ngozi za wanyama ilipopamba moto, wafanyabiashara waliikuza mitumbwi hiyo ikafikia urefu wa meta 11, yenye kubeba kiasi cha tani 3 za mizigo. Kila furushi lilikuwa na uzito wa kilo 41 hivi, na mpagazi alibeba mawili kwa mpigo. Watu wa kazi ile walikuwa mashujaa kwelikweli, na wengi wao hawakujua hata kuogelea.

Lakini angalia kalenda yao. Waliondoka Lachine, karibu na Montreal, mwezi Mei, barafu ikishayeyuka. Mwezi Julai walikutana na wenzao wa bara magharibi mwa Ziwa Superior, wakabadilishana bidhaa na ngozi, kisha wakageuza upesi ili wafike nyumbani kabla maji hayajaganda. Waliobaki bara wakati wa baridi waliweka mitumbwi kando, wakavaa viatu vipana vya kukanyagia theluji na kufunga mbwa kwenye sleji. Tajiri alitaka faida, na mpiga kafi alitaka ujira, lakini hakuna aliyebishana na msimu.

Utaniuliza, je, hakuna waliovuka maji ya baridi kwa mtumbwi? Wapo. Katika mji wa Québec, mto Saint Lawrence hupwa na kujaa kama bahari yetu, na maji yale huivunja barafu ikawa mapande yanayoelea. Kabla ya daraja kubwa la reli kukamilika mwaka 1917, watu na barua walivushwa hadi Lévis kwa mitumbwi imara. Penye maji walipiga kafi. Penye barafu wavushaji waliruka nje, wakakisukuma chombo, kisha wakarukia ndani tena. Kazi ile iligeuka mchezo: yalifanyika mashindano mwaka 1894, yakafufuliwa 1955, na mwaka 2014 serikali ya Québec iliutambua ujuzi huo kuwa urithi wa jimbo. Lakini wale walikuwa wavushaji kwa kazi yao, si watalii wenye chupa ya chai.

Turudi ziwani. Tulipofika katikati ya safari tulisikia mkwaruzo chini ya mtumbwi, kama kioo kinachopasuliwa taratibu. Barafu nyembamba ilikuwa imeanza kushika. Matone ya kafi yaliganda kwenye ukingo, na glavu zangu zikawa ngumu kama mbao. Mzee akasema tugeuze. Rafiki yangu akakataa. Kisiwa kilikuwa pale pale! Akaitoa methali yetu, nami nikaitafsiri. Mzee alicheka, lakini omo ya mtumbwi wake ilikuwa imekwisha kuelekea ufukoni. Tukamfuata, rafiki yangu amenuna.

Tulipofika nchi kavu, mzee alimwomba avue glavu na kutia mikono ziwani kwa dakika chache, kisha afunge vifungo vya koti lake. Ndugu msikilizaji, mtoto yule wa mvuvi, aliyefuma nyavu tangu utotoni, hakuweza kufunga hata kifungo kimoja. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba hufundisha kwamba anayetumbukia katika maji ya namna ile ana dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 hivi za kutumia viungo vyake, na kama saa 1 kabla ya kuzimia. Kutoka pale tulipogeuzia hadi ufukoni tulitumia zaidi ya dakika 20, tena tukiwa wakavu.

Siwapingi wahenga. Maji waliyoyasemea ni ya kwetu, ambayo mtu akiyavulia nguo huoga akatoka. Katika ziwa lile mimi nilimfunga ndugu yangu vifungo vya koti, kimoja kimoja, kama mama anavyomvika mtoto, naye hakusema neno.