Mti, Ardhi na Malipo: Mkulima Mdogo wa Nachingwea na Ruangwa Kabla ya Biashara ya Kaboni

Suala la kuwalipa wakulima wadogo kwa kaboni inayohifadhiwa katika miti na udongo wa mashamba yao hujadiliwa mara nyingi kana kwamba halina jana. Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, jana hiyo ipo. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba mafanikio ya malipo hayo yatategemea zaidi uhakika wa milki kuliko wingi wa miti.

Mwaka 1947 Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Miombo ilifyekwa kwa matrekta na reli ikajengwa kutoka pwani. Mwaka 1951 mpango ulisitishwa baada ya kugharimu takriban pauni milioni 36. Thamani ya ardhi ilikadiriwa London. Mwenyeji alihesabiwa kama kibarua tu.

Somo la pili linatokana na mkorosho, mti ambao kwa kaya nyingi za kusini ni akiba na urithi. Katika miaka ya 1970, uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya pamoja uliziweka kaya nyingi mbali na mikorosho yao. Uzalishaji wa taifa, uliofikia takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74, ulishuka hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Bei duni na ugonjwa wa ubwiriunga vilichangia anguko hilo. Hata hivyo, umbali una uzito wake: shamba lisilofikika halipaliliwi, na shamba lisilopaliliwa huliwa na moto. Mkataba wa kaboni, unaodai mti usimame kwa miongo kadhaa, unakabiliwa na hatari iyo hiyo.

Somo la tatu ni la malipo. Tangu msimu wa 2007/08, mfumo wa stakabadhi ghalani umemzoeza mkulima wa korosho kukabidhi mazao kwa chama cha msingi na kulipwa baada ya mnada. Katika wilaya hizi mbili, pamoja na Liwale, vyama hivyo vimeungana chini ya RUNALI. Lakini korosho hupimwa kwa mzani mbele ya mwenyewe. Kaboni hukadiriwa kwa vipenyo vya miti na sampuli za udongo, kisha huhakikiwa na wageni. Mkulima hana mzani wa kusutia hesabu yao.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Kanuni za Biashara ya Kaboni za 2022 zimeweka msingi wa kisheria. Msingi huo utakuwa na maana endapo mkulima atatambuliwa kuwa mwenye mti, ataielewa hesabu, na atalipwa kabla subira haijamlazimisha kushika shoka.