Vitabu Vilivyofika Busia

Mnamo mwaka 1996, shule 25 za msingi katika wilaya za Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, zilipelekewa vitabu vya kiada na shirika moja la misaada kutoka Uholanzi. Katika eneo hilo la mpakani na Uganda, kitabu kilikuwa kitu adimu. Serikali ililipa mishahara ya walimu. Wazazi ndio waliojenga madarasa, wakanunua madawati na chaki, na wakatakiwa kununua vitabu pia. Katika madarasa mengi kitabu cha pekee kilikuwa mkononi mwa mwalimu. Mwalimu alinakili ubaoni, wanafunzi wakanakili daftarini, kengele ikalia. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini watoto hao walianguka mitihani: hawakuwa na vitabu.

Ugawaji huo ulitofautiana na ugawaji mwingine wa misaada kwa jambo moja. Zilikuwa zimeteuliwa shule 100, zikapangwa katika makundi manne bila ya upendeleo, na kundi moja tu likapewa vitabu kwanza huku mengine yakingoja zamu yake. Aliyekuwa nyuma ya mpango huo ni Michael Kremer, mwanauchumi Mmarekani ambaye katika miaka ya 1980 alikuwa amefundisha sekondari katika sehemu hizo hizo za Kenya. Kabla ya hapo, watafiti walizoea kulinganisha shule zenye vitabu na zisizo navyo, wakakuta za kwanza zimefaulu zaidi, wakahitimisha kwamba kitabu ndicho kilicholeta ufaulu. Lakini shule yenye vitabu kwa kawaida ndiyo pia yenye wazazi wenye uwezo, mwalimu mkuu mwenye sauti na barabara inayopitika. Kuitenganisha nguvu ya kitabu na nguvu ya mfuko wa mzazi kulihitaji mpango wa namna ile.

Matokeo yaliwashangaza wote. Wastani wa alama katika shule zilizopewa vitabu haukupanda. Walipochambua zaidi, Kremer na wenzake, Paul Glewwe na Sylvie Moulin, waligundua kwamba kundi moja lilifaidika kweli: wanafunzi ambao tayari walikuwa wa juu kabla ya vitabu kufika. Kwa wengine, yaani kwa walio wengi, ilikuwa kana kwamba vitabu havikuletwa. Sababu haikuwa ya kificho. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, na kwa watoto wengi wa Busia na Teso hiyo ni lugha ya tatu, baada ya Kiluhya au Kiteso cha nyumbani na Kiswahili cha sokoni. Wengi hawakuweza kuvisoma.

Hapa yafaa kurudi nyuma kidogo, kwa sababu vitabu hivyo havikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1957, katika shule za watoto wa Kiasia jijini Nairobi, ulianza mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza ya shule. Kamati ya Ominde, iliyoundwa mara tu baada ya uhuru, ilipotoa ripoti yake mwaka 1964 iliukubali mwelekeo huo kwa taifa zima. Mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumike katika miaka mitatu ya mwanzo, na Kiingereza kishike kuanzia darasa la nne. Mapendekezo hayo yalibaki sera kwenye karatasi. Mtihani wa mwisho, isipokuwa somo la Kiswahili, ulikuwa wa Kiingereza, na mwalimu mwenye akili hufundisha lugha ya mtihani. Mtaala ulitungwa kwa kumtazama mtoto wa mjini, mwenye redio na gazeti nyumbani, ambaye mwalimu wake hakosi kazini. Mtoto wa kijijini aliyekosa wiki mbili za masomo kwa sababu ya malaria au ya karo hakuwa na ukurasa wa kurejea.

Inasikitisha kidogo kwamba jambo hili lilihitaji wanauchumi wa Massachusetts ili lisikike. Walimu walilijua. Nchini Tanzania, Casmir Rubagumya, Martha Qorro na wenzao walikuwa wakiandika miaka na miaka kuhusu sekondari ambamo mwanafunzi hukariri Kiingereza asichokielewa. Hata hivyo maandishi yao yaliwekwa katika fungu la "suala la lugha", kana kwamba lugha ni mapambo ya shule na si chombo chenyewe cha kufundishia. Busia iliupa ukweli huo sura ya tarakimu, na tarakimu ndizo zinazosomwa katika wizara za fedha.

Majaribio mengine yalifuata katika eneo hilo hilo. Chati kubwa za ukutani hazikubadilisha alama. Dawa za minyoo, zilizoanza kutolewa mwaka 1998 katika shule 75, zilipunguza utoro kwa takriban robo, ila alama za mtihani hazikusogea: mtoto alifika darasani akiwa na afya, akakuta darasa ni lile lile. Walimu walipoahidiwa zawadi kulingana na ufaulu, waliongeza vipindi vya maandalizi ya mtihani. Alama zikapanda kwa muda, kisha zikarudi chini zawadi zilipokoma, na mahudhurio ya walimu wenyewe hayakuongezeka.

Kisha ukaja mwaka 2003. Serikali ya Mwai Kibaki ilifuta ada za shule za msingi, na idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Darasa la kwanza lenye watoto 80 au 100 likawa jambo la kawaida. Ndipo mwaka 2005 Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer walipotazama shule zilizopata mwalimu wa ziada wa mkataba, hivi kwamba darasa la kwanza liligawanywa mara mbili. Kupunguza idadi peke yake kulisaidia kidogo mno kwa watoto waliobaki na mwalimu wa serikali, kwani baadhi ya walimu hao waliipokea nafuu hiyo kama likizo. Lakini katika shule ambazo watoto waligawanywa kwa kiwango chao cha maarifa, makundi yote mawili yalipanda, la chini pamoja na la juu. Mwalimu wa kundi la chini alianza pale watoto walipokuwa, badala ya pale mtaala ulipodai wawe.

Matokeo haya hayapendezi kila sikio, na kwa haki. Mwafrika aliyesoma historia ya shule za kikoloni, zilizomtenga kwa rangi na kumpa elimu ya mikono, ana sababu ya kushtuka asikiapo kutenganisha watoto. Tofauti iko katika lengo la mgawanyo. Shule ya mkoloni ilimtenga mtoto ili asifike mbali. Ya 2005 ilimtenga ili aanze kusoma. Mstari kati ya hayo mawili ni mwembamba, na hulindwa tu na mwalimu mwema katika kundi la chini. Shida nyingine ilijitokeza baadaye: mpango wa walimu wa mkataba ulipojaribiwa kwa upana nchini, ulileta faida ulipoendeshwa na shirika lisilo la kiserikali, na haukuleta ulipoendeshwa na serikali.

Ng'ambo ya mpaka, nchini Tanzania, shule 350 za wilaya 10 zilishirikishwa mwaka 2013 na 2014 katika mpango wa KiuFunza wa shirika la Twaweza. Ruzuku peke yake haikuinua ufaulu. Bahasha ya motisha kwa mwalimu peke yake iliinua kidogo tu. Vyote viwili pamoja viliinua kwa kiasi kinachozidi jumla ya kimoja kimoja, maana mwalimu mwenye ari bila kitabu, na kitabu bila mwalimu mwenye ari, ni kama mpini na jembe lililo ghala jingine.

Mwaka 2015 Kenya ilianzisha Tusome katika shule za umma nchini kote, kwa fedha za Marekani. Safari hii kila mtoto wa madarasa ya mwanzo alipata kitabu chake, cha Kiingereza na cha Kiswahili, kinachoanza na sauti na herufi. Mwalimu alipewa mwongozo wa kila somo, na maafisa wa elimu walipita darasani wakiwa na kompyuta ndogo za mkononi, wakimsikiliza mtoto mmoja mmoja akisoma. Miaka minne baadaye, mwaka 2019, Kremer na Duflo walitunukiwa Nobeli ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee. Wanafunzi wa darasa la nane waliopewa vile vitabu vya kwanza mwaka 1996 walikuwa wakikaribia miaka arobaini, wengi wao wakiwa na watoto shuleni.