BYD Atto 3: Hii SUV ya stima itaweza familia yako Kisumu?

Umechoka kulisha gari petroli kila wiki? Kabla utoe doo, ipime hivi.

Nafasi: Viti ni 5, buti ni lita 440. Mabegi ya watoi na gunia ya mchele ya Ahero zitaingia. Kama mko watu 7, tafuta ingine.

Safari: Betri ni 60.48 kWh, na kwa karatasi inafika kilomita 420. Kuenda Bondo ama Homa Bay na kurudi siku hiyo hiyo, uko sawa. Shughuli ni Nairobi. Hiyo ni kama kilomita 350, na kutoka Kisumu hadi Mau Summit unapanda zaidi ya mita 1,200. Gari ikijaa watu, huo mlima peke yake unaeza kula kama moja ya nane ya betri. Panga mahali pa kuchaji njiani, usibahatishe na watoto ndani.

Kuchaji: Soketi ya kawaida inachukua zaidi ya siku nzima kujaza betri. Chaja ya ukutani ya 7 kW inamaliza usiku mmoja. 2023 iliwekwa bei maalum ya stima ya magari: Sh16 kwa uniti, Sh8 saa za usiku, kabla ya ushuru. Uliza Kenya Power kuhusu hiyo. Ukiwa umepanga keja, ongea na landilodi kwanza.

Uamuzi: Uko na boma yako na safari zako ni za huku lakeside? Chukua. Kila wikendi uko Nairobi? Tulia kwanza.