Mwanga, Giza na Filamu Moja: Historia ya Ufundi wa Picha za Studio katika Pwani ya Kenya

Utangulizi

Historia ya upigaji picha katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kutokana na yale yanayoonekana katika picha: mavazi, mapambo na vyeo vya waliopigwa. Ujuzi wa fundi aliyesimama nyuma ya kamera haujapewa uzito unaolingana. Makala haya yanauchunguza ujuzi huo katika miji ya Mombasa na Lamu, na yanajenga hoja kwamba picha za kuunganisha sura, ambazo huweza kudhaniwa kuwa kiinimacho tu, zilitokana na nidhamu ya kuutawala mwanga.

Kutoka jua hadi taa

Kabla ya umeme kuenea, studio zilitegemea mwanga wa jua uliochujwa kwa dirisha, paa la kioo au pazia jeupe. Sahani za kolodioni, zilizotangazwa na Frederick Scott Archer mwaka 1851, zilihitaji mteja atulie kwa sekunde kadhaa. Ukavu wa nyuso katika picha nyingi za karne ya 19 una sababu ya kiufundi pia. Taa za umeme zilimpa fundi uhuru mpya. Taa kuu iliwekwa upande mmoja, juu kidogo ya macho. Ya pili, iliyo hafifu, ilipunguza kivuli. Ya tatu, kwa nyuma, ilitenganisha nywele na pazia. Kanuni ilikuwa moja: umbali wa taa ukiongezwa maradufu, mwanga unaomfikia mteja hubaki robo. Picha za Narayandas V. Parekh, aliyefanya kazi Mombasa kuanzia miaka ya 1940, zinaonyesha jinsi mwanga na mikao ya sinema ilivyoingia katika studio za Waswahili na Wahindi.

Filamu moja, sura mbili

Chembe za fedha katika filamu hukusanya mwanga. Mwanga wa pili haufuti wa kwanza. Sehemu iliyobaki gizani huwa tayari kupokea sura nyingine. Kwa hiyo fundi humweka mteja mbele ya pazia jeusi, hufunika nusu ya lenzi na kupiga. Kisha, bila kusogeza filamu, humhamisha mteja, hufunika nusu ya pili na kupiga tena. Mtu mmoja huonekana ameketi na nafsi yake. Sura zikilaliana, kila mpigo hupewa takriban nusu ya mwanga, la sivyo negativu hujaa weusi na nyuso hupotea katika weupe.

Njia ya pili hufanyika katika chumba cha giza, ambamo negativu kadhaa huchapwa katika karatasi moja. Mwaka 1857 Oscar Rejlander, akiwa Uingereza, aliunganisha negativu zaidi ya 30 kwa namna hiyo.

Huko Lamu, Omar Said Bakor, fundi aliyejifunza mwenyewe, aliunganisha nyuso za watu na maua. Kwa mtazamaji Mswahili jambo hili lina mizizi: katika ushairi wa mapenzi, mpendwa huitwa ua. Picha ililitenda lile ambalo shairi lilikuwa likilisema.

Hitimisho

Lugha nayo imehifadhi kumbukumbu ya kazi hii. Kitenzi “kusafisha picha” kilitokana na filamu na karatasi zilizooshwa kwa dawa na maji. Kingali kinatumika ingawa maji yametoweka. Hata hivyo, neno peke yake halitoshi. Picha iliyochapwa haielezi daima kama sura ziliunganishwa ndani ya kamera au chumbani. Negativu hueleza: katika njia ya kwanza hubeba sura zote mbili, katika ya pili kila moja hubeba yake. Kila sanduku la negativu linalotupwa studio inapofungwa huondoka na ushahidi huo. Hifadhi za nyaraka za kanda hii hazina budi kuzikusanya negativu hizo, pamoja na maelezo ya mafundi wenyewe kwa msamiati wao, wakati wangali hai.