Unaenda Kisumu Kuona Jua Likizama Ukiwa Kwa Boti? Cheki Haya Kwanza

Kama uko na fom ya Kisumu wikendi na hujawahi kuona jua likizama ukiwa ndani ya Lake Victoria, mse, kuna kitu unakosa. Lakini usiende kichwa kichwa.

Boti za kuzungusha wageni utazipata Dunga, ufuo wa wavuvi ulio kusini mwa tauni, si mbali na Hippo Point. Huku karibu na ikweta saa za jua hazibadiliki sana. Kisumu huzama kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja kasoro, iwe Januari ama Agosti. Kwa hivyo ukiambiwa boti inatoka saa kumi na mbili unusu, unauziwa giza. Saa kumi na moja unusu uwe ushakaa ndani.

Bei elewaneni mkiwa bado nchi kavu: ni kwa kichwa ama boti nzima, na ni ya dakika ngapi? Mbogi ya watu sita ikichanga doo ikodi boti yote, mara nyingi inatoka rahisi. Mkiwa wawili, ungeni na wengine.

Sasa jaketi za kuokoa maisha. Itisha uzione kabla hujatuma M-Pesa. Kila mtu awe na yake, vifungo vikaze, na mtoto apewe saizi yake juu ya mtu mzima itamchomoka kichwani akiingia majini. Halafu ivae, si ya kukalia. Kuna siku tulipanda tukiwa tisa, jaketi nne. Tulicheka, tukapiga selfi. Wakati wa kurudi upepo ukachachamaa, maji yakaanza kuingia ndani, na hakuna mtu alikuwa anacheka tena. Kila mtu alikuwa anahesabu zile nne kwa macho. Tulifika, lakini sirudii.

Asubuhi ya siku hiyo piga simu uulize kuhusu magugu maji. Upepo ukiyasukuma yanaweza kufunga ufuo mzima, na yakijisokota kwa injini mmekwama. Machi hadi Mei ni msimu wa mvua ndefu, so ukiona wingu jeusi, ahirisha tu, hata kama manzi ashavaa akang'ara.

Viboko nao jioni ndio huanza kutoka majini kwenda kula nyasi. Nahodha akisema hapa ndio mwisho, usimsukume asogee eti unataka picha. Kiboko ni mzito na ana hasira.

Beba sweta, kibaridi cha ziwa si mchezo, mafuta ya kufukuza mbu, na karatasi isiyopitisha maji ya kuwekea simu. Usiogelee wala kutumbukiza miguu, kichocho kiko. Keg na zile zingine ngojea mkirudi.

Ah, na itisha ngege wako pale Dunga kabla ya kupanda. Mkirudi na njaa saa moja usiku, mtampata ashaiva, na ugali moto.