Sauti na Jibu: Habari za Mashairi na Michezo ya Redio, Tukianzia Ujiji

Ujiji ni mji wa Kiswahili tangu zamani, ijapokuwa u mbali na bahari. Lugha hii haikufika huko kwa vitabu wala kwa shule. Ilifika kwa miguu, pamoja na misafara ya Bagamoyo iliyokwenda kutafuta pembe na, kwa masikitiko, watumwa. Burton na Speke walipofika mwezi wa Februari 1858, wafanya biashara wa pwani walikuwa wamekwisha kutangulia. Na Stanley alipomkuta Livingstone hapo mwaka 1871, Kiswahili kilikuwa lugha ya sokoni, baina ya Waha, Wamanyema na watu wa ng'ambo ya ziwa. Lugha iliyoenea namna hii ni lugha ya mdomo na sikio, nayo huishi kwa kujibizana. Mwuzaji husema, mnunuzi hujibu; bila jibu hapana biashara.

Baadaye ikaja njia ya pili, isiyohitaji wapagazi. Wazee waliiita simu ya upepo. Sisi twaiita redio. Kituo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1951, na hapo mwanzo kilisikika mjini na kando yake tu. Mwaka 1956 kikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 kikawa Redio Tanzania. Kutoka Dar es Salaam hata Kigoma, kwa reli iliyofika ziwani mwaka 1914, ni mwendo wa kilometa 1,250 hivi. Lakini mawimbi mafupi hupanda juu angani, yakapigwa na tabaka ya hewa iliyoko huko, yakarudi chini mbali sana. Ndiyo sababu sauti ya pwani iliweza kufika nchi za ziwa kwa dakika moja, pale ambapo msafara ulihitaji miezi.

Basi hapa pana swali liwapasalo walimu. Wako wasemao kwamba redio imewaziba watu vinywa: zamani bibi alisema "Paukwa!" na watoto wakaitika "Pakawa!", na sasa jamaa wamekaa kimya, wakisikiliza sauti isiyowasikia wao. Neno hili si la kudharauliwa, kwa maana hadithi isiyoitikiwa ni nusu ya hadithi. Lakini tukiyatazama mambo yenyewe, twaona kwamba vipindi vilivyozaa matunda ni vile vilivyopata mwitikio.

Tuanze na mashairi. Katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, washairi walikuwa wakiulizana na kujibizana kwa beti. Desturi hiyo haikufa redio ilipokuja. Katika kipindi cha Malenga Wetu cha Redio Tanzania wasikilizaji walipeleka mashairi yao, yakasomwa. Na mtu wa kijijini aliweza kulisikia shairi lake likirudi kwake kutoka Dar es Salaam. Huyo hakuwa sikio tu. Alikuwa mdomo pia.

Mfano wa pili ni mafundisho. Mwaka 1973 palikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, iliyodumu majuma 12. Wakuu wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwanza, na watu kama milioni 2 wakajiunga. Desturi yao ilikuwa hii: walikusanyika, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, kisha wakashauriana juu ya kijiji chao wenyewe, na baada ya shauri wakashika majembe, wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Redio ilileta neno, lakini kazi ilizaliwa katika mashauri.

Wa tatu ni mchezo wa kuigiza. Twende na Wakati ulianza mwezi wa Julai 1993, ukatangazwa mara mbili kwa juma. Ndani yake yumo Mkwaju, dereva wa lori, mtu wa wanawake wengi, ambaye mwisho alipatwa na UKIMWI akafa. Hata mwaka 1995 mchezo huu haukutangazwa katika sehemu za Dodoma, ili wachunguzi wapate kulinganisha. Nao waliona kwamba mahali uliposikika, watu walizidi kuzungumza nyumbani, mume na mke, juu ya uzazi na juu ya maradhi hayo. Mkwaju hakuwahubiri; aliwapa la kuzungumza.

Kaskazini mwa ziwa, katika Burundi iliyokuwa vitani, mwaka 1997 ulianza mchezo wa Kirundi uitwao Umubanyi Niwe Muryango, maana yake jirani ndiye jamaa, juu ya nyumba mbili zilizopakana, moja ya Wahutu na moja ya Watutsi. Kiha na Kirundi ni ndugu, hata Mha aweza kuufuata bila mkalimani. Wakati huo mkoa wa Kigoma ulikuwa umejaa wakimbizi wa Burundi, na habari ya jirani haikuwa mchezo tu.

Basi twasema hivi: redio haiui mazungumzo, huyaua yule anayeifunga pamoja na kinywa chake. Mwalimu asiogope mashine. Mchezo ukiisha, na aizime, awaulize watoto: Nani alikosa? Wewe ungalifanyaje? Shairi likiisha, na watunge ubeti wa kujibu. Lakini na watangazaji pia wana wajibu wao, maana Kiswahili kilichokwenda Ujiji kwa miguu kilichanganyika huko na lugha za ziwani kikapata lafudhi na maneno yake. Ikiwa sauti itatoka pwani siku zote na isirudi kamwe, wana wa Ujiji watajifunza kuionea haya lugha ya nyumbani mwao. Msafara wa zamani haukurudi mikono mitupu. Wala huu wa upepo usirudi hivyo.