Mkonge wa Pangani na homoni ya "kurudisha ujana"

Unaambiwa mwaka 1893 Mjerumani mmoja aliagiza miche 1,000 ya mkonge toka Florida. Karibu yote ikafia njiani. Ikabaki 62 tu, ikapandwa Kikogwe, hapo Pangani. Ndo mwanzo wa mkonge wa Tanga. Manamba wakakata majani mpaka mikono ikachanika, mabosi wakachukua nyuzi. Maji ya jani? Yanamwagwa tu.

Kumbe kwenye uchafu ule mlikuwa na mali.

Mwaka 1948 Marekani, dada wa miaka 29 aliyekakamaa viungo kama kikongwe alichomwa sindano za kotizoni, homoni ya tezi za juu ya figo. Siku chache tu, huyo, kaenda shoping! Watu wakaona ujana umerudi. Shida ilikuwa bei, maana ilitengenezwa kwa nyongo ya ng'ombe. Ndipo Glaxo ya Uingereza ikageukia hekojenini, kitu kinachopatikana kwenye maji ya mkonge wa Afrika Mashariki.

Ila wagonjwa wale wa mwanzo sura zilivimba, na dawa ikikatwa maumivu yanarudi palepale.

Leo ndugu zake kotizoni wamo kwenye baadhi ya krimu za kung'arisha. Mtu anajipaka apate ngozi ya mtoto, baadaye ngozi inakuwa nyembamba, michirizi, mishipa nje. Ya bibi kabisa.